Fundi wa Oakdale na Risasi Zake

Kanisani kwetu kulikuwa na akina mama walioamini kabisa kwamba Fundi anatengeneza mabomu. Mmoja wao akimsalimia, mwili wote unabaki nyuma, mkono peke yake ndio unaenda mbele, kama mtu anayegusa waya kuona kama stima imerudi. Nikawa nawaambia, jamani, mabomu gani, huyu mzee anaogopa hata soda iliyotikiswa. Wapi. Hawakunisikia.

Lakini nisiwalaumu sana. Ukiteremka besmenti ya Fundi, chumba cha chini ya nyumba, mara ya kwanza, ukazikuta zile risasi zimesimama mezani kwa mistari kama watoto wa shule wanaongoja kukaguliwa kucha, roho inaruka. Kila moja ni kubwa kama chupa ya soda. Haya, nimeongeza chumvi. Lakini kidogo tu. Risasi za bunduki ya fifti, wanaita, na ukiishika moja kiganjani unaelewa kwa nini akina mama walikuwa wanasali kwa sauti.

Hakuwa na vita na mtu. Alichokuwa anapenda ni kulala kifudifudi kwenye nyasi na kupiga bamba la chuma lililosimama maili moja mbali. Maili moja, bwana! Mahali ambapo ng'ombe mzima anaonekana kama kunguni. Na risasi za dukani alikuwa hazitaki. Alikuwa akisema, "Hizo ni za watu wote. Risasi ya watu wote haimjui mtu." Kwa hiyo alikuwa anajijazia zake mwenyewe, moja moja, kwa mkono, kama mama anavyomlisha mtoto uji.

Alikuwa amekata vyuma kiwandani hapa Twin Cities, Minnesota, huku Amerika, mpaka akastaafu, ndio maana Wakenya wote kuanzia Saint Louis Park hadi Oakdale walimwita Fundi. Hata mkewe alikuwa akimwita Fundi. Hata pasta. Nina hakika hata Mungu alikuwa na shida kidogo kulikumbuka jina lake la kweli.

Mimi nilimjua kupitia kwa mkewe, tuliyemwita Mama. Mimi kazi yangu ni ku-drive van, napeleka wazee hospitali na kuwarudisha. Mama alikuwa anaenda kusafishwa damu, namchukua mlangoni, Fundi anasimama pale na kanzu yake ya kulalia na buti za theluji, ananipigia saluti. "Kijana," ananiambia, "ukimtikisa huyo, nitajua." Kijana! Mimi nilikuwa na mvi mpaka puani. Lakini kwake mtu yeyote asiyejua kupima baruti alikuwa kijana.

Kazi yenyewe nikuelezee, na usiogope, mimi shule niliachana nayo mapema baada ya kugombana na hesabu, kwa hiyo nikielewa mimi, na wewe utaelewa. Kuna ganda la shaba, lile linalobaki ukishapiga. Unaliosha, unalinyoosha kwenye mashine ya mkono. Chini yake unaweka fataki mpya, kile kidude kinachowasha. Ndani unamimina baruti uliyoipima. Juu unakandamiza kichwa cha risasi. Basi. Ni kama kufunga samosa, tofauti ni kwamba samosa ukikosea inapasuka kwenye mafuta, na hii ukikosea inapasuka shavuni kwako.

Sasa, yale maganda yanasafishwa vipi? Hapa ndipo Mama alipokaribia kufa kwa kicheko. Fundi aliagiza mfuko, ukaletwa mlangoni, mzito. Mama akafungua akidhani ni unga wa wimbi. Akaingiza mkono, akanusa. Akanipigia simu nikiwa barabarani.

"Mwanangu, huyu mzee amenunua magunzi."

"Magunzi gani, Mama?"

"Magunzi ya mahindi! Yamesagwa! Ametoa pesa, dola, akanunua magunzi!"

Kumbe ndivyo wanavyofanya wote wa kazi hiyo. Unatia maganda kwenye pipa dogo linalozunguka, pamoja na magunzi yaliyosagwa, linazunguka kutwa nzima, yanatoka yanang'aa kama meno ya mgombea ubunge. Mama alikaa kwenye ngazi ya besmenti akacheka mpaka shuka ikamdondoka. "Sisi kwetu tunayatumia kuwashia moto na kazi nyingine nisizotaja," akasema. "Ningejua, nisingekuja Amerika na nguo. Ningekuja na gunia." Fundi hakucheka. Akamjibu kwa heshima zote, "Mama Watoto, gunzi la kwetu halijapimwa ukavu."

Ndivyo alivyokuwa. Ukavu wa gunzi, anapima. Lakini muangalie akipika ugali! Anamwaga unga kama anajaza shimo la barabara, halafu maji, halafu unga tena, mpaka mwiko unavunjika. Na ku-drive ndio usiseme. Mguu mmoja kwenye mafuta na mwingine kwenye breki, yote miwili kazini kwa wakati mmoja, gari linaenda kama mtu mwenye kwikwi. Kanisani hakuwahi kufika nyimbo za kwanza hata siku moja. Mtu ambaye punje ya baruti ikizidi anairudisha kwa kibanio cha nyusi, Jumapili anakuja wakati watu wanatoa sadaka na kuuliza, "Mmeanza?"

Na hakuua kitu. Hilo ndilo lililokuwa linanichekesha kuliko yote. Nyuma ya nyumba alipanda sukuma wiki, na sungura wa Oakdale wakaijua kuliko wenyewe wanaokaa humo. Sungura mmoja alinenepa akawa anakaa chini kula, kama mzee wa baraza. Jirani yake, Mzungu mmoja mpole, akamwambia juu ya ua, "Rafiki, una bunduki inayoweza kuangusha treni, na huyu anakula bustani yako?" Fundi akamjibu, "Huyu hajanikosea kwa makusudi."

Mezani kwake kulikuwa na sheria. Simu inabaki juu. Redio hakuna. Hakuna kuongea mkono wake ukiwa kwenye mizani, hata nyumba ikiwaka unangoja aweke punje ya mwisho ndio useme. Na mkebe wa baruti ni mmoja tu mezani, mingine yote imefungiwa kabatini ng'ambo ya chumba, kwa sababu baruti ziko za aina nyingi, na zikishatoka mkebeni zote ni punje nyeusi tu, huwezi kuzijua kwa macho. Hii ni ya polepole, ile ni ya haraka, na ya haraka ukiijaza mahali pa polepole, bunduki inafunguka kama ua. Ukimwambia, "Mzee, wewe umefanya miaka yote hii, unaweza kukisia," anakukazia macho. "Usiniamini mimi. Iamini mizani."

Sheria kubwa ya mwisho haikuwa yake peke yake. Wote wa kazi hiyo wanayo. Hakuna kupiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Uwe ndugu, uwe pasta, hakuna. Kule shambani tulikokuwa tunaenda kupiga, mwenye shamba alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, ambaye mimi namwita Bwana Shamba. Siku moja akaja na sanduku la mbao, risasi za fifti zimelala ndani kwenye kitambaa, nzuri kama mayai ya Pasaka. Shemeji yake alikuwa amekufa, ameziacha. Akampa Fundi kama zawadi. Kiingereza chao ninakuwekea kwa Kiswahili, maana cha Bwana Shamba ni cha kutafuna kama muwa.

"Nani alijaza?" Fundi akauliza.

"Marehemu."

"Marehemu akili ilikuwa nzima mpaka mwisho?"

"Alikuwa mtu mwema sana."

"Sijauliza wema."

Bwana Shamba akakuna kofia. Akasema kwa kweli miezi ya mwisho hakuwa na uhakika. Basi Fundi akazichukua, akashukuru vizuri, akaenda nazo nyumbani, akazivunja zote. Kuna kishikio kwenye mashine kinabana kichwa cha risasi, unavuta mkono, kinatoka kama jino. Baruti akaimwaga uani. Nikamwambia, "Mzee, si hasara hii?" Akasema, "Hasara ni kupoteza uso." Nyasi za mahali pale, nakuapia, kwa mbolea ile ya baruti zilikua mpaka mashine ya kukatia ikaomba likizo.

Niseme na hizo siku za shambani, maana bila hizo huwezi kumpenda. Tunatoka Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa off, na mimi ndio na-drive, sababu nilishakwambia kuhusu miguu yake. Bunduki inabebwa na watu wawili kama jeneza la mtoto. Analala, anaangalia majani yanavyolala na upepo, anapumua, anangoja. Anangoja mpaka mimi nasinzia. Halafu inalia. Haki ya Mungu, ikilia, soksi zinageuka upande. Ng'ombe wa kaunti ya pili wanatoa mtindi moja kwa moja. Vumbi linapanda, vifuniko vya masikio vinakubana, na baada ya hapo ni kimya. Kimya kirefu. Unaweza kukohoa, ukajifuta pua, na ndipo mbali kule, kidogo kama kijiko kinapogusa kikombe, unasikia: ngii.

Hapo Fundi anageuka chali anaangalia mbingu, anatabasamu na meno yake yote machache. Mama akiwa hai alikuwa akituuliza tukirudi, "Limelia?" Namwambia limelia. Anasema, "Haya, leo atakula vizuri."

Mama alipokufa, theluji ilikuwa haijayeyuka. Fundi hakulia mbele za watu. Alishuka besmenti baada ya mazishi na suti yake, na mimi nikamfuata nikidhani atajiumiza. Nikamkuta anapanga maganda. Akaniambia bila kuinua kichwa, na hii ndiyo sababu ninakusimulia yote haya:

"Kijana. Mimi siogopi kufa. Naogopa siku nitakayojaza kitu na nisijue nimejaza nini."

"Mzee, wewe? Wewe unakumbuka hata ukavu wa gunzi."

"Nimeanza kusahau. Jana nimemtafuta Mama nimuulize chumvi iko wapi." Akashika ganda moja akalielekeza kwenye taa. "Binti yangu hawezi kuniambia. Atalia, na akilia nitamwambia sijambo, na ataniamini. Wewe huna aibu. Siku ukiona nimepotea, uniambie, niache. Unaniahidi?"

Nikamuahidi. Mtu akiwa na suti ya mazishi unamuahidi chochote. Nikafanya mzaha, nikasema, "Nitakwambia, Mzee, halafu utanifukuza." Akasema, "Nitakufukuza. Useme tu hivyo hivyo."

Na alishikilia. Lazima nimpe haki yake. Nyumba ilimwishia polepole, chumba kwa chumba, lakini besmenti ilibaki yake. Jikoni aliunguza sufuria, sebuleni akaweka barua ndani ya friji, barabara ya kwenda kanisani ikampotea akaonekana Maplewood, mji wa jirani, anamuuliza mtu wa kituo cha mafuta habari za Nakuru. Lakini akishuka zile ngazi, akakaa kwenye kiti chake, mikono inajua. Mimi nilikuwa najidanganya hivyo. Nilikuwa nasema mezani pale ugonjwa hauna ruhusa ya kuingia, utavua viatu mlangoni kama mtu mwingine yeyote.

Halafu siku moja mchana nilipita kumletea chapati. Nikateremka. Chombo cha kumiminia baruti, kile kinachokaa juu ya meza na kijimlango chini, kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Na mezani hakuna mkebe. Yote imefungwa, imerudi kabatini, imepangwa vizuri.

Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba, anaangalia chombo, anaangalia kabati. Chombo, kabati.

"Umeweka ipi, Mzee?"

Akachota punje kidogo akaziweka kiganjani, akazinusa, akazigusa na ulimi kama mtu anayeonja mchuzi.

"Kuna nyingine imebaki nikairudisha," akasema. "Sijui nimeirudisha kwenye mkebe gani."

Hilo ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa kazi hiyo halifanyi. Ukiacha baruti kwenye chombo bila kujua ni ipi, na ukarudisha mabaki kwenye mkebe usio wake, basi mkebe ule wote umekufa, na kama hujui ni upi, mikebe yote imekufa. Alijua hivyo kuliko mimi. Akaibeba mmoja mmoja juu, pumzi zinamtoka, akaimwaga yote uani. Tukasimama tukiangalia. Akaniambia, "Bado hujasema." Nikasema, "Mzee, mwenyewe umeona. Aliyeona hajapotea." Nilifikiri nimesema jambo la busara. Akanipiga bega. Wiki iliyofuata akanunua baruti mpya.

Sasa njoo shambani, mara ya mwisho. Jua zuri, upepo hakuna, siku ambayo hata mimi ningepiga lile bamba kwa ndizi. Fundi akalala. Akapumua. Akangoja. Akavuta.

Ikasema: pu.

Pu tu. Kama mtu mnene ameketi kwenye kochi. Vumbi halikupanda, ng'ombe hawakugeuka. Mimi nikaanza kucheka, nikasema, "Mzee, leo bunduki imejamba!" Na Fundi hakushtuka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alifungua, akatoa ganda, akaingiza risasi nyingine, taratibu, mkono mzuri vile vile, akalala tena.

Bwana Shamba alikimbia. Mimi sikuwahi kumuona akikimbia, nilidhani magoti yake yamefungwa na misumari. Alipiga kelele simama, simama, akajitupa akashika mkono wa Fundi na bunduki kwa pamoja. Wakabaki wamelala pale wawili wazee, mmoja juu ya mwenzake, wanahema.

Ile ya kwanza haikuwa na baruti ndani. Hata punje. Fataki peke yake ilikuwa na nguvu ya kusukuma kichwa kikaingia ndani ya mtutu, kikakwama humo. Angepiga ya pili nyuma yake, kitu chote kingemrudia usoni. Bwana Shamba alichukua fimbo ndefu, akaiingiza kwa mbele, akanionyesha inapogota. Hakugomba. Alitoa kile chuma cha nyuma cha bunduki kinachoifanya ipige, akakitia mfukoni mwake, akafunga zipu. Akaniambia mimi, maana Fundi alikuwa hawezi kumtazama: "Yeye aje wakati wowote kunywa kahawa." Hapo nikajua imekwisha.

Kurudi ilikuwa mwendo wa masaa. Fundi alikuwa akiangalia mashamba dirishani mpaka majengo ya mjini yakaanza kuonekana.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Haikuwa na baruti, Mzee."

"Nani aliijaza?"

"Ni wewe."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za mtu wa mbali. "Basi sema," akasema. "Tulikubaliana useme."

Nikasema. Niliweka gari kando ya barabara, malori yanatupita yanatutikisa, nikamwambia, "Mzee, umepotea. Acha. Usijaze tena hata moja." Na mimi, mtu ambaye msibani ndiye anayeitwa kuchangamsha watu, nilikuwa nalia mpaka miwani ikajaa. Fundi akanishika mkono. "Asante," akasema. "Umefanya vizuri sana." Akatoa kitambaa chake akanipa.

Tukaendelea. Baada ya maili chache akageuka.

"Kijana, ile ya leo ilikuwa nini? Mbona haikulia?"

Nikamwambia tena. Akauliza nani aliijaza. Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa tena vile vile, akasema basi sema, nikasema, akanishukuru. Na maili chache tena, akageuka. Mpaka tunafika Oakdale nilikuwa nimemfukuza kazi mara nyingi kuliko kiwanda chochote cha Minnesota, na kila mara ilikuwa ndio ya kwanza kwake, na kila mara uso ulianguka upya kutoka pale pale. Ya mwisho nilidanganya. Nikasema ulikuwa upepo. Akafurahi. "Tutarudi Jumamosi," akasema.

Binti yake, nesi wa Saint Louis Park, alimtafutia nyumba ya wazee huko New Hope. Ni nyumba ya kawaida, ina wazee wachache na msichana wa kutoka Kisii anayewapikia. Si pabaya. Lakini Fundi alikuwa anakaa pale mikono mapajani kama mtu anayengojea basi lisilopita barabara hiyo.

Nyumba ya Oakdale ikatangazwa kuuzwa. Binti akanipigia simu. "Uncle, vile vitu vya basement," akasema, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. "Hakuna mtu anataka."

Na ni kweli. Alikuwa amewapigia wote waliokuwa wanapiga pamoja na baba yake. Wote walimsifu. Walisema hajawahi kutokea mtu wa mkono kama ule. Halafu wote wakasema, pole, hapana. Maana risasi zilikuwa masanduku kwa masanduku, za miaka mizuri na za miaka mibaya, na mwishoni Fundi alikuwa akizipanga upya kila siku, anatoa hapa anaweka kule, zikachanganyika zote. Huwezi kujua ipi aliijaza akiwa Fundi na ipi aliijaza akiwa nani. Kwa nje zote ni nzuri sawasawa. Bwana Shamba akaniambia kwa simu, neno moja: "Vunja." Akaja siku moja kunionyesha jinsi ya kuvuta, akavunja chache na mimi, akaondoka bila kumaliza kahawa.

Basi nikabaki navunja peke yangu, siku zangu za off. Kwanza nilikuwa napima baruti iliyomo, kwa udadisi. Sawa. Sawa. Sawa. Kila moja kamili, hakuna hata punje imezidi, mpaka nikaanza kukasirika, nikawa natafuta iliyokosewa kama mtu anayetafuta sababu ya kuachana na mke. Nikaipata: moja tupu. Halafu nyingi sawa. Halafu moja imejaa kitu cha rangi nyingine kabisa. Nikaacha kupima. Nikawa navuta tu na kumwaga kwenye ndoo.

Mara ya mwisho kukaa naye ni hapo hapo. Binti alimleta kuchagua nguo nzito za baridi, akapanda naye chumbani, na mara nikasikia miguu kwenye ngazi. Fundi akateremka mwenyewe, mkono ukutani. Alikuwa amekonda, sweta linamning'inia.

"Habari ya kazi?" akaniambia. Jinsi alivyosema, nikajua hanijui.

"Njema, Mzee."

Akatazama meza. Kulikuwa na mashine mbili zimefungwa pale, ya zamani na mpya. Mimi nilikuwa kwenye mpya. Kando yangu kuna rundo la maganda niliyoyatoa baruti, fataki zake bado chini, na karai la vichwa nilivyoving'oa. Fundi akavuta kiti, akakaa mbele ya ile ya zamani. Akajipangusa mikono kwenye suruali. Akachukua ganda, akalielekeza kwenye taa, akazungusha. Akaweka kichwa juu yake, akakiweka wima kwa kidole kimoja, akashusha mkono wa mashine. Taratibu, bila kulazimisha. Ikatoka risasi nzima, iliyonyooka, nzuri, na ndani yake hakuna kitu.

Akaisimamisha mezani. Akachukua ganda lingine.

Nilitaka kumzuia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini jamani, mngeiona ile shingo yake, ilivyonyooka, mngefunga mdomo kama mimi. Nikavuta yangu, nikamwaga, nikaweka ganda kwenye rundo. Yeye akalichukua, akalifunga. Nikawa navunja, yeye anaunda, tunafanya kazi kama mafundi wawili waliozoeana, na mstari wake unakua. Alikuwa anaimba kitu puani.

"Wewe ni mzuri," akaniambia baada ya muda. "Umefunzwa na nani?"

"Na mzee mmoja hapa hapa Oakdale."

"Bado yuko?"

Nikajifanya chuma kimekwama.

Binti akaita kutoka juu, kwa Kiingereza, kwamba nguo ziko tayari, mmemaliza? Fundi akamjibu kabla yangu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu mwenye afya na nyumba yake: "Bado kidogo, mama. Tukimaliza hii tunapanda."

Akaiweka ya mwisho kwenye mstari wake, akaisawazisha na ukucha. Nikanyoosha mkono, nikaichukua, nyepesi, nikaibana kwenye mashine yangu, nikavuta, nikamrudishia ganda.